Tromboni ya Baba Atupele

Jumatatu, 4 Juni 1956

Nimemaliza suruali za karani wa boma. Moja bado vifungo. Baridi ya Mbeya mwaka huu haina adabu, vidole vinakataa sindano. Mchana nikaifunika cherehani, nikatoka uani na tromboni. Niliinunua juzi kwa mchuuzi wa vitu chakavu sokoni. Imefubaa. Mdomo wake mpana una kiraka cha bati, na sauti inakohoa kidogo mwishoni. Chama chetu cha dansi hakina mtu wa tromboni. Idi ya kuchinja nataka niwe mtu huyo.

Bado sijui kitu. Navuta pumzi, natoa sauti moja nzito mpaka iishe, kisha ya pili, kisha ya tatu. Zuhura anasema ng'ombe anayezaa analia vizuri kuliko mimi. Mke wangu ana ulimi.

Wanawake wawili wa milimani walikuwa wanapita na matenga ya viazi. Wakasimama. Wakatua mizigo. Mmoja akauliza nani amekufa. Hakuna, nikasema. Hawakuniamini. Wakajitwika, wakaenda. Nimecheka sana.

Alhamisi, 7 Juni

Tena. Safari hii mzee mmoja. Alivua kofia kwanza. "Pole, baba. Nani katutoka?" Nikamjibu vibaya. Halafu nikajuta, maana alikuwa na adabu zake.

Jirani kanieleza. Kwa Wakristo wa huko juu, mtu akifa hupulizwa tarumbeta la kuvuta kama hili, sauti tatu ndefu, watu waweke majembe chini waende msibani. Halipulizwi kwa jambo jingine. Kumbe wiki nzima natangaza misiba uani kwangu.

Leo sikucheka.

Jumamosi, 9 Juni

Siku ya soko. Kaingia mama mmoja dukani, mtu mzima, ana udongo wa shamba miguuni. Hakuuliza nani amekufa. Alikwenda moja kwa moja kwenye tromboni, akaweka kidole juu ya kiraka.

"Hii tarumbeta ya mume wangu. Hii bati kaikata kwenye debe yetu."

Nikampa kiti. Mumewe ni Ambilikile. Yeye ndiye aliyekuwa akipuliza kwao. Walikuwa na binti mmoja tu, Atupele. Akaugua kifua. Alipozidiwa, baba akaondoka asubuhi na tarumbeta mkononi, akasema anatafuta dawa. Hakurudi. Atupele akafa wiki ile ile. Mvua, watu wote wako mashamba ya mbali wanapanda. Hakikulia kitu. Alizikwa na majirani wachache. Sasa ni miaka minne.

"Watu hawajaambiwa, mwanangu. Wengine nakutana nao hapa sokoni, wananiuliza, Atupele hajambo? Nawaambia hajambo."

Anataka ipulizwe kwa ajili ya mtoto wake. Hii hii, si nyingine. Nikamwambia mimi Mwislamu, mpiga dansi, na viraka vya bati viko vingi duniani. Akasema, basi kaulize ilikotoka. Nikaitikia ili aondoke.

Nimeogopa. Nasema wazi kwa kuwa hakuna anayesoma humu.

Jumatano, 13 Juni

Sijaigusa. Nimeitundika ukutani. Upepo ukipita dirishani inaguna. Nimeifunika shuka, bado inaguna. Nikikanyaga cherehani nasikia zile sauti tatu kwenye pedeli. Mteja kaniuliza kama naumwa.

Zuhura juzi alitaka niitupe mtoni. Leo amebadilika. Anasema hawezi kula vizuri akimfikiria yule mama anavyojibu "hajambo". Mimi pia.

Mchuuzi anasema aliitoa Iringa, kwa fundi bati chini ya soko. Keshokutwa naenda. Nimemwambia kila mtu nafuata vitambaa.

Jumapili, 17 Juni

Iringa. Basi liliharibika njiani, vumbi mpaka kwenye meno. Mji umekaa juu ya kilima na unajiona. Fundi bati nimempata, Mhehe, mcheshi. "Kamwene!" akanisalimu kwa kwao. Kaitambua kabla sijamaliza kuifungua.

Aliuziwa na mfanyakazi wa mashamba ya chai ya Igowole. Mtu wa Mbeya, mpole, Ambilikile jina lake.

"Nikamwambia, puliza basi nisikie. Akasema, bwana, mimi nikiipuliza mtu anakufa. Nikasema huyu kichaa, nikachukua."

Mwenyewe alicheka. Mimi nikaifunika tena shuka.

Basi ni yenyewe. Ningeweza kurudi nyumbani sasa. Lakini kurudi ni kumpulizia mtoto wa watu, mtoto ambaye baba yake yupo. Siwezi. Nitampelekea mwenyewe. Aibebe yeye.

Jumanne, 19 Juni

Igowole. Ukungu hapa ni ukuta. Nilielekezwa mstari wa chai, nikasikia watu wanakohoa kabla sijawaona. Ambilikile amekonda, koti la gunia, meno ya mbele yote yameisha. Akaliona umbo ndani ya shuka. Akakaa chini kwenye matope.

Nikamwambia Atupele amekufa. Akasema anajua, mtu wa kwao alimletea habari zamani.

"Sasa kwa nini hukurudi?"

"Ningerudi ningeambiwa nipulize. Haijalia bado, bwana. Mpaka ilie, mtoto hajafa."

Nikapandwa na hasira. Safari yote hii, baridi hii, na yeye amejificha ndani ya chai. Nikamtolea yote. Nikamwambia mkewe anasimama sokoni na tenga lake, anaulizwa habari za mtoto, na anajibu hajambo.

Hilo hakulijua. Akaniangalia.

"Anasema hajambo?"

Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Kisha akainuka, akaenda kuaga kazini.

Jumamosi, 23 Juni

Milimani, juu ya Mbeya. Nilikuwa naogopa Ambilikile atafukuzwa. Mama Atupele alitoka mlangoni, akamtazama mumewe muda mrefu, akamletea kigoda. Afadhali angepiga kelele.

Tukapanda hadi kwenye jiwe alipozoea kusimama. Akaweka tromboni mdomoni. Ikatoka hewa tupu. Midomo haina cha kuegemea, meno hayapo. Akajaribu tena. Hewa tu. Akaanza kulia, mtu mzima yule, ametoka Igowole kwa ajili ya pumzi moja.

Nikaichukua. Lakini mimi sijui wanavyoishusha sauti yao. Akaja nyuma yangu, akapitisha mkono ubavuni mwangu, akashika bomba la kuvuta. Mimi nikapuliza, yeye akavuta. Sauti ikashuka kama wanavyoishusha wao. Moja. Ya pili. Ya tatu ikakohoa.

Huko chini kwenye maharage watu wakainua migongo, huyu hapa, yule kule. Wakaacha majembe. Wakaanza kupanda.

Mama alisimama njiani kuwapokea. Walipouliza nani, akasema mwenyewe, "Atupele wangu." Akaanguka mikononi mwa wanawake. Walilia kama kafa asubuhi ya leo. Hakuna aliyetaja miaka. Wazee wakamketisha Ambilikile katikati yao, wakampa mkono mmoja mmoja. "Ndaga, baba. Pole." Na mimi nikapewa pole. Nimeipokea.

Jumapili, 24 Juni

Nimelala kwa jirani yao. Asubuhi nyeupe, umande. Watu wameendelea kuja na kuni na mahindi. Tromboni nimeiacha. Chama kitafute mtu mwingine, mimi nitapiga ngoma au nitakaa kimya, sijali. Nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka, lakini kifua chepesi.

Nikiwa nasubiri lori barabarani niliwaona wametoka wawili, wakazunguka nyuma ya nyumba. Ambilikile hajawahi kuliona kaburi. Majani yameota, pamekuwa sawa na pengine pote. Akasimama tu, hajui akanyage wapi. Mama akamshika mkono wa koti, akamvuta pembeni kidogo. Kisha akainama, akayagawa majani, akamwonyesha kichwa kimelala upande gani.