Mrudishieni Baba Samaki Wake

Bwiza, Bujumbura
Jumatatu asubuhi

Baba yangu,

Shikamoo. Ninakuinamia kutoka chumba changu cha eda, nikimwomba Mungu barua hii ikukute umekaa vizuri na maumivu ya ubavu yamepoa. Mwili wangu mzima. Nyumba imenyamaza tangu tumzike mume wangu Sadiki, lakini majirani wa Bwiza ni watu. Kila siku kuna anayebisha hodi, hawaniachi nikae na ukuta peke yangu.

Najua macho yako hayasomi tena, na najua anayekusomea ni Rajabu. Kwa hiyo nianze naye. Rajabu, mdogo wangu, soma neno kwa neno. Bi Tatu aliyekuletea barua hii hajui kusoma, lakini nimemsomea mara tatu hapa mkekani, na ameishika kama anavyoshika bei za vitenge vyake. Ukiruka mstari atakwambia urudi. Nimemwomba asiondoke hapo Ujiji mpaka ufike kwenye jina langu.

Baba, unisamehe kwa ukali huu. Hukunilea hivyo. Ila safari yake iliyopita Bi Tatu alipita kwako kukupa salamu zangu, na aliporudi alitua mzigo wake wa vitenge mlangoni. Kisha akaniambia, "Zaina, mzee wako amebaki tumbo na kanzu. Mabega yamekwisha. Anatembea ameshika ukuta, na msikitini haendi tena." Akaniambia pia kwamba mbele yako palikuwa na bakuli la uji, na kwenye sinia la Rajabu palikuwa na miiba ya samaki.

Nikapiga simu yako. Akapokea Rajabu.

"Baba amekula nini leo?"

"Uji."

"Na jana?"

"Uji, chai na mkate. Mchana ugali na mchicha wa kuchemsha. Anatunzwa, dada, usitie shaka."

"Mpe samaki, Rajabu, hata mgebuka mmoja. Mpe na maharage."

Akacheka. Akasema, "Wewe ulimuua wa kwako. Niachie mimi wa kwangu." Simu ikakatika, na tangu siku hiyo haipokelewi.

Umesoma hapo, Rajabu? Parudie, Baba asikie maneno hayo kwa sauti yako.

Sasa nitasema lililo kweli, hata kama linaniumiza. Amri hiyo ya kukunyima samaki, Baba, ilitoka kwangu. Sadiki alipopimwa walituambia ini lake limejaa mafuta. Unamjua, hakuonja pombe maisha yake yote, lakini mtaani wakaanza kunong'ona kwamba fundi anaficha chupa garajini. Niliona aibu. Nikataka kila mtu aone kwamba tunapigana na chakula, si na pombe, nikawa mkali kuliko daktari. Daktari alisema tupunguze mafuta. Mimi nikaondoa nyama, samaki, mayai, hata maharage, kwa sababu huku tunayaunga kwa mawese. Ningeweza kuyapika bila mawese. Wazo hilo halikunijia. Miezi michache baadaye nawe ukaambiwa una ugonjwa huohuo, Rajabu akaniuliza tunafanyaje, nikamtajia orodha yangu yote. Akaiandika, akaibandika ukutani jikoni.

Na wageni, Baba. Huku mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Walikuja na soda, na sukari, na mikate ya maziwa, kabati likajaa mapenzi ya watu. Sadiki alipolegea nilimkorogea uji wenye sukari nyingi ili apate nguvu. Tumbo halikupungua. Kilichopungua ni yeye. Alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari, akanionyesha suruali na kucheka: "Zaina, mu hii suruali iko nafasi ya mutu mwingine." Siku nyingine alishindwa kufungua kifuniko cha chupa, yeye aliyekuwa akifungua nati za malori. Alinipa ile chupa bila kunitazama.

Jioni moja jirani alikuwa anachoma mukeke, ndiyo mgebuka wetu. Harufu ikaingia mpaka kitandani. Sadiki akaniambia, "Unipe hata kichwa tu, nifyonze." Nikamjibu, "Apana, mume wangu, ni kwa ajili ya ini yako." Nilisema kwa upole, nikampangusa uso. Lakini nilimnyima.

Alipoanguka akienda kutawadha, tulimpandisha mpaka Gihosha, mtaa wa mlimani, kwa daktari mwingine, mama mtu mzima. Hakuanza na tumbo. Alimshika paja, akamshika mkono juu ya kiwiko, akanigeukia.

"Huyu muzee anakulaka nini?"

Nikamtajia, tena kwa fahari.

"Samaki?"

"Apana, dokta. Iko na mafuta."

"Maharage? Yai?"

"Apana."

"Na hii soda naona mu kikapo yako?"

"Ni ya kumupa nguvu."

Akaweka kalamu chini. "Mama, hiyo sukari ndiyo inageukaka mafuta mu ini. Samaki haina kosa. Mutu akizeeka, nyama ya mwili inamukimbia. Kama hakule chakula ya kuirudisha, mwili inaanza kula miguu yake yenyewe."

Nikamuuliza kama ni mimi ninayemuua mume wangu. Hakunidanganya. Alisema, "Ini ilikuwa imeisha kukauka zamani, mbele mukuje hapa. Hiyo si yako. Lakini hii miguu, mama, ni nyinyi muliikula."

Tulimpa samaki siku ileile. Alikula kidogo kidogo, amefumba macho, na alipomaliza alilamba vidole kimoja kimoja kama mtoto. Haikutosha tena. Hakuwa na mwili wa kupigania homa ilipokuja.

Basi, Rajabu, lile la miguu nimelichukua, nitalijibu kwa Mungu. Mimi nilikosea kwa kutojua. Wewe umeambiwa, Baba angali hai, na umecheka. Unashika karatasi ya jikoni kama aya, kwa sababu kuikubali barua hii ni kukubali kwamba miezi yote hiyo umekuwa ukimpunguza mzee wetu kwa kijiko. Ni vigumu, najua. Mimi nimekubali nikiwa nimeshazika. Wewe ukubali ukiwa na mtu wa kumwomba radhi. Na kama unasubiri niseme ulifanya kwa mapenzi, nasema: ndiyo, kwa mapenzi. Hata mimi. Mapenzi hayo hayakumwinua Sadiki kitandani.

Hutaki kuniamini, sawa, nimestahili. Mpeleke Baba hospitali kesho, umuulize daktari wake swali moja tu: huyu mzee, samaki na maharage ale au asile? Sema mbele yake anachokula sasa, usifiche uji wala sukari. Ninachojua ni nilichofundishwa Gihosha. Sukari kwenye chai iishe, na soda, na hiyo mikate myeupe ya asubuhi na jioni. Mgebuka achemshiwe au achomewe, asikaangiwe kwenye mafuta mengi. Maharage yapikwe na kitunguu na nyanya. Yai la kuchemsha asubuhi. Kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili, kidogo kidogo, si sahani moja kubwa Ijumaa halafu uji wiki nzima. Na atembee. Mshike mkono umpeleke msikitini polepole, hata kama mtafika watu wameshatoa salamu. Usimwambie mzee akae kwa sababu wewe una haraka.

Ningekuja mwenyewe, Rajabu, na hungenikatia simu mlangoni. Lakini eda yangu haijaisha, siwezi kusafiri, na wewe unalijua hilo vizuri. Usitumie kifo cha mume wangu kama komeo.

Baba, nakuomba radhi. Uliikubali ile orodha kwa sababu ilitoka kwangu, na hukulalamika hata siku moja. Ulifundisha watu kushona miaka yote, hukuvaa nguo iliyokupwaya. Naona uchungu kukuwaza ndani ya hiyo kanzu.

Nisalimieni wifi yangu Asha, mwenye jiko. Simlaumu, anapika anachoambiwa. Nisalimieni Shangazi Mwanaidi, dada yake Baba, aliyenielekeza mambo ya eda kwa simu na kulia pamoja nami. Na mama mdogo Hadija, mwambieni kanga aliyonitumia ndiyo ninayojifunika usiku.

Rajabu, barua imekwisha. Iweke chini. Muulize Baba anataka kula nini, kisha unyamaze mpaka ajibu.

Ni mimi binti yako, Baba,
Zaina, mjane wa Sadiki