Pipa la Supa la Mkwe Wangu

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Salamu kwa kurasa hizi, kwa heshima zote. Naziomba radhi kwa kukawia. Siku kumi na moja sijaandika neno, na sina udhuru ila uchovu wa mtu mzee.

Nimefungua kituo saa kumi na mbili na nusu. Kahama imejaa vumbi. Petroli ya kawaida ipo. Supa, ile petroli kali, haijaletwa, hii ni wiki ya tatu. Pampu yake nimeifunika gunia ili watu wasiulize. Wanauliza.

Supa iliyobaki ni pipa moja tu, lipo stoo, nalo si la kuuza. Ni la Deogratias, mume wa binti yangu Veronika. Alilinunua mapema akaniachia nilitunze hadi tarehe 16, siku ya mashindano ya magari ya kwenda Geita. Injini ya gari lake imechongwa kichwa na fundi wake, Rashidi, ili isukume kwa nguvu zaidi. Injini ya namna hiyo haitaki petroli ya kawaida. Okteni yake, yaani kipimo cha ukali wake, ni ndogo, huwaka kabla ya wakati, na injini hugonga kama kokoto ndani ya debe.

Deogratias hakuniomba niandike hati yoyote. Alisema tu, "Likiwa kwako, baba, ni kama liko kanisani."

Alhamisi, 7 Agosti
Nimefanya jambo la aibu. Naliandika kabla sijalipamba.

Mchana lilisimama gari jeusi la serikali. Ndani yake alikuwamo bwana mmoja niliyesoma naye shule ya misheni, sasa mtu mkubwa. Alinitambua mimi kabla sijamtambua yeye. "Huyu ndiye aliyekuwa akitupigia kengele," alimwambia dereva wake. "Kijana mwenye Kiingereza kizuri kuliko sote." Kisha akaniuliza kwa upole iwapo nina supa.

Nilipaswa kusema hapana. Nilisema, "Kwa ajili yako, ndugu yangu, haikosekani."

Nusu ya pipa imekwenda naye, katika tangi na madebe. Sikuitoa kwa mgonjwa wala kwa mama mjamzito. Niliitoa kwa sababu nilisifiwa.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimelijaza pipa kwa petroli ya kawaida hadi kipimo chake cha awali. Kwa macho halina tofauti. Nilifunga kifuniko kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Hapo si majivuno tena. Hapo ni udanganyifu.

Ningeweza kutuma ujumbe kwa Deogratias. Sikutuma. Nilijiambia nusu ya supa itatosha kuitia nguvu nusu nyingine. Sijui nililipata wapi fundisho hilo.

Jumatano, 13 Agosti
Walikuja kuchukua pipa. Deogratias alinisalimu akiwa ameinama, kama anisalimuvyo siku zote tangu alipomwoa Veronika. Fundi Rashidi alikuwa nyuma yake na chupa mkononi. Mwenyeji wa Ujiji huyo, mchekeshaji, hana adabu za kuzunguka.

"Shikamoo, mzee. Nitoe kidogo tu, nijaribu injini kabla ya kufunga taimingi ya cheche."

Deogratias aligeuka. "Unampima nani, Rashidi?"

"Napima petroli, kaka. Petroli haina ukoo."

"Hii imetoka mikononi mwa baba mkwe wangu. Rudisha chupa yako garini."

"Haya. Mimi nani? Mimi mpakaji wa grisi tu."

Akacheka. Deogratias hakucheka. Mimi nilikuwa nimeshika mfuniko wa pipa, na neno moja lingetosha. Nilisema, "Safari njema, wanangu."

Jumamosi, 16 Agosti
Nilisimama kando ya barabara pamoja na watu wote. Gari lake lilipita la tatu, likinguruma vizuri. Watu walishangilia jina la mkwe wangu, na jirani mmoja alinipa mkono wa pongezi. Niliupokea.

Saa kumi jioni dereva wa lori alileta habari. Gari limekufa kabla ya kijiji cha Segese, kwenye mwinuko. Liligonga, likatoa moshi, likazima. Deogratias mwenyewe ni mzima. Nilimshukuru Mungu, kisha nikaona haya kumshukuru.

Jumapili, 17 Agosti
Misa. Sikukomunika; nilibaki kwenye benchi.

Jumatatu, 18 Agosti
Injini imefunguliwa. Pistoni moja imetoboka katikati, tundu la kupitisha kidole. Deogratias alimfukuza Rashidi pale gerejini kwake mbele ya mafundi wote na wateja. Alimwita mharibifu, akasema amefunga taimingi kama mlevi. Nimeelezwa hayo na watu watatu tofauti, na kila mmoja alinipa pole, mimi.

Wateja wawili waliokuwa wakimpelekea Rashidi kazi nyumbani wameshaondoa magari yao. Mtu akisemwa na Deogratias hapa mjini, amesemwa.

Jumanne, 19 Agosti
Nilikwenda kwa Rashidi, mtaa wa Nyahanga. Alikuwa ameketi uani akisafisha spana ambazo zilikuwa safi tayari. Alinyanyuka, akanipa kigoda chake, yeye akakaa juu ya tairi. Mkewe alileta maji. Tukaulizana habari za nyumbani. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, nayo yakanikimbia.

Ndipo yeye mwenyewe aliponitolea plagi nne za injini ile kutoka katika kitambaa, akazipanga chini mbele yangu.

"Hizi husema, mzee. Zimeungua hivi kwa petroli dhaifu, si kwa taimingi peke yake. Ningejua, ningeirudisha taimingi nyuma kidogo. Gari lingekosa mbio, lakini lingefika Geita."

Alijua. Tangu jana alipozifungua alijua, akasimama mbele ya watu akitukanwa, na akanyamaza. Nilimwuliza kwa nini.

"Nimwambie nini mkweo? Kwamba baba yake ni mwongo? Akinipiga, nani ataniamulia?"

Nilikiri yote. Kituo, gari jeusi, kengele, pipa. Hakukasirika kama nilivyotaraji. Alisikiliza hadi mwisho, akazifunga plagi zake tena.

"Mimi nimekusikia," alisema. "Lakini si mimi ninayewaleta wateja."

Marehemu mama Veronika alizoea kuniambia kwamba heshima yangu ni kanzu: ndefu mbele, imechanika nyuma. Nilikuwa nikidhani ni mzaha.

Alhamisi, 21 Agosti
Veronika alikuja asubuhi. Ameleta kuku na salamu za mumewe. Deogratias amesikia kwamba sili vizuri. Anadhani nahuzunika kwa ajili ya gari lake, na ananiomba nisijilaumu, kwa kuwa mimi nilitimiza upande wangu. Binti yangu aliyasema hayo akitabasamu. Sikuweza kumtazama. Kuku nimemfunga kwa jirani; siwezi kumla.

Nimeanza barua kwa Deogratias. Nimeichana. Ilikuwa na maneno mengi ya adabu, na neno "petroli" lilikuja ukurasa wa pili.

Ijumaa, 22 Agosti
Barua imekwisha. Ukurasa mmoja. Inasema nilitoa nusu ya supa yake, nikajaza ya kawaida, nikanyamaza mara mbili, na kwamba Fundi Rashidi hana kosa. Inaomba Rashidi arudishwe kazini mbele ya watu walewale waliosikia akifukuzwa. Kuhusu mimi sikuomba kitu.

Nilikusudia kumpa katekista aipeleke, imefungwa kwa gundi. Angeifikisha, ni mtu mwaminifu. Lakini Deogratias angeisoma peke yake, akaikunja, akaificha kwa kunihurumia. Namjua. Rashidi angebaki vilevile.

Kesho Jumamosi mafundi wote huwapo gereji, na wateja pia. Mpelekaji wa barua nitakuwa mimi. Nitaomba nisipewe kiti, nivae miwani, niisome nikiwa nimesimama.

Nimepiga pasi shati. Upepo umetulia. Kituo nimekifunga mapema leo. Hakuna aliyeulizia supa.