Redio Uliyoifunga Asubuhi

Yasna mwanangu,

Mikate ya viazi iko chini ya kitambaa. Ongeza kuni kabla jiko halijazimika. ~~Nitarudi kesho.~~ Nitarudi keshokutwa; bahari ya Quellón imetulia, nitavua siku moja zaidi.

Asubuhi ulipanda juu ya kibanda cha mashua na mvua ile, ukafunga antena, ukapitisha waya hadi kwenye betri. Mimi nimekaa tu nakucheka: "Redio ya nini? Tangu mama yako afariki, nina nani wa kuongea naye?" Ukaweka bisibisi chini. "Kumbe mimi si mtu, baba," ukasema, ukaenda zako bila kugeuka.

Ulipoondoka nikaiwasha. Nikaita nyumbani mara tatu. Hakuna aliyejibu, maana nyumba ilikuwa tupu. Nikabaki nasikiliza mikwaruzo, na ndipo nilipojua unavyokaa humu jikoni peke yako kila ninapokwenda kuvua.

Redio ya pili, ile ya hapa nyumbani, nimeisogeza dirishani, chaneli sabini na mbili. Usiguse kingine chochote. Nitaita saa kumi na mbili jioni. Kama bado umenuna, nitukane. Lakini nijibu.

Baba