Vidole vya Uji Kwenye Kioo

Jumanne, 14 Mei 1974

Wifi yangu Wanjiku! Afadhali angekuwa mtu wa kando.

Nilimtuma yeye na ile picha niliyopiga ya samaki wetu kwenye tangi la kioo, anipelekee kwa mwenye studio ya picha anayetafuta msaidizi. Leo nimepita huko mjini, Njeri mgongoni, nikaikuta dirishani. Na Wanjiku ndani, amevaa koti la kazi.

"Huyu ndiye alipiga," mwenye studio akanieleza. "Ati alifunga mapazia, akazima flashi, akajifunika leso nyeusi ili kioo kisimrudishie sura yake."

Maneno yangu hayo! Nilimfundisha hapa kwangu Gatitu, tukinywa chai. Filamu mbili nzima zilitoka weupe mtupu, flashi ikirudi kwenye kioo, kabla sijajua hayo. Na hilo tangi ni letu. Baba Njeri huleta maji ya bahari kutoka Mombasa kwa lori, na matumbawe kwenye ndoo.

"Mama Njeri, usiniharibie," Wanjiku akanong'ona. "Wewe uko na bwana wa kukulisha."

Nikaonyesha kona ya picha. Kwenye kioo cha tangi kuna alama za vidole vitano vidogo vya uji, mahali nilisahau kupangusa.

"Mwulize vidole hivi ni vya mtoto wa nani," nikamwambia mwenye studio.

Wanjiku akainamisha kichwa. Njeri naye, mkono umejaa mafuta ya mandazi, akanyoosha akashika dirisha la studio. Akaacha alama ileile.

Mwenye studio ameniambia nirudi kesho na kamera. Nitaenda.

Wanjiku akija Jumapili nitampa chai, ni dada ya bwanangu. Lakini ataketi jikoni. Chumba cha samaki nimekifunga.