Wiki Nzima ya Usingizi

Ngulyati, Alhamisi

Kaka yangu Machibya,

Mwangaluka. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Maswa, na kifua cha Nancy kimepoa. Huku mvua zimenyesha, pamba imeota vizuri. Mama anakunywa uji, ila mkono wa kulia haujarudi tangu kile kiharusi.

Mimi niko hoi, kaka. Miezi minane namnyanyua, namwogesha, namgeuza asipate vidonda, kisha nakimbilia palizi. Nimekonda mpaka sketi naifunga kwa kamba. Juzi nilisinzia nimesimama, uji ukaungua, nikamfokea mama kana kwamba yeye ndiye aliyeuunguza. Alilia. Nilijichukia.

Nilikwenda hospitali nikidhani naumwa. Nesi alinipima, akasema ni uchovu tu, nitafute wa kupokezana naye nilale, la sivyo tutauguzwa wote wawili. Nilicheka. Nipokezane na nani, kuku?

Shangazi Nyanjige ana maelezo yake. Anawaambia majirani kwamba binti hakondi hivi bure, mama yake ndiye anayemmaliza kwa uchawi, na macho yale mekundu ni ushahidi. Macho yale ni moshi wa jikoni wa miaka arobaini, akitupikia sisi! Lakini unajua huku mtu akishatajwa hivyo kinachofuata. Hujasahau bibi yake Ngassa alivyokutwa shambani amekatwa mapanga. Sasa majirani wanatusalimia wakiwa barabarani, hawaingii. Keshokutwa shangazi anamleta mganga mbele ya ukoo. Naogopa mno.

Kuna jambo nimekuficha. Shangazi alikuja kwanza kuniuliza kama na mimi naona ni mama. Nilijua si kweli, nesi alikwishaniambia. Lakini alisema watamchukua mama akae kwake wiki nzima, na mimi nikasikia hiyo wiki nzima tu. Nikaitikia kwa kichwa. Nilitaka kulala, kaka.

Jana nilimfuata kumwambia nimekosea. Alijibu kwamba nimekwisharogwa, ndiyo maana namtetea. Simu yangu ameichukua, eti nipumzike, kwa hiyo barua hii anakuletea Domitila anayekwenda mnadani huko Maswa leo. Njoo kesho na gari, umchukue mama. Usingoje Jumamosi.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mama naye anakusalimu. Leo amejikaza kwa ule mdomo wake mzito akaniambia nisihangaike, shangazi akija atamwomba aende naye, ili mimi nilale.

Ni mimi mdogo wako,
Joyness