Frigo ya Petroli na Sahani ya Maji

Siku ya kwanza ya juma, 3 mwezi wa sita 1957

Nimekata utambi ya frigo, nimepanguza kioo, nimejaza petroli, hii mafuta ya taa. Chupa makumi mbili ndani ya frigo tangu jana. Nimegusa moja. Vuguvugu kama uji ya mutoto.

Na frigo iko nzuri! Nyeupe, refu kunipita. Katika muji ya Kasongo nzima, mwanamuke mwenye bar na frigo ni mimi tu. Nilichagua mwenyewe kwa duka ya Mureno. Alinionyesha ingine ndogo, nikakataa. Harusi ya mutoto wangu Veronika ni siku ya posho, tarehe 8, hapa kwa bar. Wakwe wanatoka Kabambare kwa kamio, ile lori ya mizigo. Walipokuja kuposa, nilimwambia baba mukwe wake: bia itakuumiza meno kwa baridi. Nilisema mbele ya watu. Mara mbili.

Ile moto yake ya chini inapashwa kufanya baridi. Inapashwa.

Siku ya pili, 4

Moto ilikuwa ya manjano, moshi nyeusi. Nimekata utambi tena. Sasa moto iko buluu, ndogo, namna inatakiwa. Nani anajua utambi kunipita? Miaka kumi na mbili ninawasha taa ya petroli katika hii bar, hakuna kioo ilipasuka. Bilauri nimepanga. Viti viwili vilikuwa vinacheza, nimevipiga misumari. Bia: vuguvugu.

Veronika iko ndani. Leo amefikisha siku tatu. Bibi harusi anawekwa ndani, anapakwa mafuta, hagusi moto, hagusi masizi. Akapaza sauti nyuma ya mulango: «Mama, uliweka sahani ya maji juu ya frigo?»

Nikaendelea kupanguza meza. Sahani ya nini? Frigo hainywi maji.

Siku ya tatu, 5

Mama Zaina, mwenye bar ya ng'ambo ya njia, amekuja kuangalia. Aibu yangu ni hii: siku frigo ilifika, nilimupa mitungi yangu yote mitatu, ile ya muchanga wa maji nilimokuwa ninalaza chupa zipoe. Nilimwambia, chukua dada, mimi nimetoka kwa mambo ya udongo. Kinywa changu hiki.

Amefungua frigo, ameingiza mukono, amecheka. «Mama Veronika, hii kabati inalaza bia ao inaipika?»

Meza zote zimecheka. Nimecheka pia. Roho ilikuwa inachoma.

Nimechuja petroli kwa kitambaa. Nimesugua bomba ya moshi kwa manyoya ya kuku. Nimeenda kwa Mureno. Amesema frigo iko nzima, mwanamuke ndiye hajui. Mimi! Niliyesoma mpaka mwaka wa ine!

Siwezi kukaa. Ninasimama, ninafungua, ninafunga. Chupa zimechoka na mukono wangu.

Siku ya ine, 6

Vuguvugu. Niliota meno ya baba mukwe.

Siku ya tano, 7

Asubuhi nilivaa kitenge ya kutokea, niende kumuomba Mama Zaina mitungi yangu. Nilifika mpaka katikati ya njia. Nikakumbuka kicheko yake. Nikarudi, nikakaa mbele ya mulango ya Veronika, nikalia. Kidogo tu.

Akasikia. «Mama, ile miaka mitatu niliyokaa kwa masere, wale watawa wa misioni, nani alikuwa anachunga frigo yao?»

Nikasema: wewe, mutoto wangu. Watu wote hapa wanajua, niliwaambia mimi.

«Basi nitoke.»

Nikakataa: bibi harusi hatoki. Hagusi masizi.

«Haya. Mimi nitasema, Mama utafanya.»

Basi yeye ndani, mimi inje. Kuzima moto. Kuacha ipoe. Kuweka sahani juu, kumimina maji. Maji yote ikakimbilia upande wa inje, ikamwangika chini. Hapo nikaona. Sakafu! Marehemu baba yake aliijenga ikitelemuka, ili maji ya kuosha itoke yenyewe. Kila mugeni ninamuonyesha ile sakafu. Nikapanga frigo juu yake kama kiti.

«Frigo ikiinama, Mama, hata uipe petroli ya dunia nzima, haifanyi baridi.»

Wanaume wawili waliokuwa wanakunywa waliinua. Tofali mbili chini ya miguu ya upande wa inje, na kipande cha ubao. Maji ikasimama katikati ya sahani. Nikawasha saa sita ya muchana. Veronika alinikataza kufungua mulango ya frigo mpaka kesho.

Nimefungua mara moja. Kidogo tu.

Siku ya posho, 8

Chupa zinatoka jasho! Niliweka moja kwa shavu, nikapiga kelele ya furaha peke yangu. Mama Zaina akatoka kwake na mwiko mukononi, akadhani mutu amekufa.

Wakwe wamefika na vumbi ya njia nzima. Baba mukwe akakunywa, akashika taya. «Mama, unataka kuniua?»

Nikasema kwa sauti ya juu: hiyo ni akili ya Veronika, muke wenu, ni yeye alinifundisha. Wote wasikie. Sakafu sikuitaja.

Saa kumi wameenda na Veronika. Alitoa kichwa kwa dirisha ya kamio: «Mama, utambi kila asubuhi!» Ananifundisha utambi, mimi.

Siku ya tatu ya juma ingine, 12

Nimekata utambi. Nimejaza petroli. Sahani ya Veronika iko palepale juu ya frigo, siiondoi. Maji imesimama katikati.

Mulango ya chumba chake iko wazi. Nimepita mbele yake mara nyingi leo, bila kazi.

Mama Zaina amerudisha mutungi mumoja, bila maneno. Nimemupa chupa ya baridi. Akaishika kwa mikono miwili. Akauliza nani alitengeneza hii frigo.

Aliuliza mara moja. Nilitaja jina ya mutoto wangu mara tatu.