Raba Yako ya Kulia

Kaka Bosco,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo, usije ukadhani nimekaa hapa kizingitini kwenu, Mbugangari, kukulilia tu. Kulia tumeshalia, hata Shabani, ambaye alipovunjika mkono pale Kanama hakutoa chozi. Sasa ni zamu ya kukugombeza, na leo hunikatizi maneno.

Kwanza, mtu anayeshuka na viazi vya Mudende kwenye chukudu, mbao tupu na magurudumu mawili bila pedali, magari ya jeshi yakimpita karibu kumng'oa sikio, anakufaje kwa malaria? Mbu, Bosco! Tulipokuambia nenda dispensari ukasema, "Bon, ni baridi tu, itaisha." Ikaisha kweli.

Pili, hiyo chukudu yako. Kila mama yako akifungua mlango asubuhi alikuwa anaikuta imeegemea ukuta, anarudi ndani kulala. Mwishowe akatuita, Shabani na mimi. Akasema mmoja wetu aishushe kona ya Kanama na mzigo juu, vile vile mwanawe alivyokuwa akiishusha, kisha aichukue akafanyie kazi. Tukishindwa, viazi vya msimu huu vikimalizika kuvunwa, ataipasua kuni. Hataki kuiona imesimama bure, wala hataki kuiona ikiaibishwa barabarani. Unamjua Mama. Shoka alilitoa nje tukiwa bado tunakunywa uji wake.

Vile vile mwanawe alivyokuwa akiishusha! Nani asiyejua? Wimbo wako ulikuwa mmoja: "Mutu mwenye anagusa muguu chini mu kona, ule si mutu wa chukudu, ule ni mupita njia." Na kwangu ulikuwa na ubeti wa ziada: "We Mutanzania, angalia kwenye unaenda, usiangalie pneu ya mbele!" Mimi nilizaliwa Karagwe, ukimbizini, nikarudi nyumbani nikiwa na ndevu, lakini kwako nilibaki Mtanzania hadi unakata roho.

Tukaanza. Shabani aliingia na gunia zima kwenye maharage ya watu, akatukanwa Kinyarwanda na Kiswahili. Nikafuata mimi. Kaka, chukudu yako ni mbishi kama mwenyewe. Kona inakwenda kulia, yenyewe inavuta kushoto, kwenye korongo. Miaka yote hiyo ulishindwa nini kuunyoosha ule uma wa mbele? Nikakanyaga breki katikati ya kona, kile kipande cha tairi kinachosugua gurudumu kikatoa moshi, mimi nikabaki nimelala barabarani na viazi vikaendelea na safari.

Ndipo Shabani akamleta Deo, yule mpiga video za harusi. Wazo lilikuwa tujipige picha tukishuka, halafu tujitazame. Shabani alitaka kamera ifungwe kwenye usukani, Deo nusura alie. Basi tukapeana zamu, mmoja anashuka, mwingine anapiga akiwa juu ya jiwe. Zamu ya Shabani kupiga tulipata mawingu mengi na ng'ombe mmoja.

Tulijitazama kwenye kibanda cha video, mbele ya watu waliokuja kuona karate. Wanasema nyani haoni kundule. Mimi langu nililiona, Bosco, na Mbugangari nzima ililiona. Macho kwenye gurudumu, matako nje, mwili umeinama lakini chukudu imesimama wima. Yote uliyonipigia kelele yalikuwa pale, na nilikasirika kuliko siku zote ulizonipigia.

Lakini tulirekebisha. Breki kabla ya kona, siyo ndani. Macho kwenye njia ya kutokea. Kiuno kisukume chukudu ilale, wewe uifuate. Kila mkanda tulikuwa afadhali kidogo, Shabani ananicheka, nami namcheka. Ila tukifika kiunoni mwa kona, pale pale, inavuta kushoto. Tulifanya kila ulichosema na bado ilitukataa! Viazi vilikuwa vinakwisha shambani, na Mama alikuwa amekwisha kunoa shoka.

Ndipo Deo akakumbuka mkanda wa harusi moja ya Kanama. Alikuwa amesimama pale konani akimsubiri bibi harusi, akapiga barabara tu. Akauweka. Mara ukatokea wewe na kreti za bia, kofia imegeuzwa nyuma, unaimba. Mzima kabisa. Shabani akanishika bega na hakuniachia.

Halafu nikaona mguu wako.

Nikamwambia Deo, rudisha. Rudisha tena. Ncha ya raba yako ya kulia iligusa chini, vumbi kidogo tu, na chukudu ikarudi kulia imenyamaza. Mwongo mkubwa wewe! Mupita njia! Umetuangusha msimu mzima kwa sheria ambayo hukuwahi kuifuata! Nilikutukana kwa sauti, watu wa karate wakanitoa nje. Huko nje ndiko nilikolia.

Kesho yake nilishuka na gunia, nikagusa kwa ncha, ikapita. Deo akapiga. Shabani akasema tumwoneshe Mama huu wangu tu, ule wako tuufiche, asije akajua mwanawe alikuwa anadanganya. Nikakataa. Alisema vile vile alivyokuwa akiishusha, basi aone vile vile.

Wangu aliutazama kama anayengoja mvua ipite. Ulipotokea wewe, alisimama akaisogelea televisheni, akaweka kidole kwenye kioo, mguuni pako. "Yewe! Kiatu!" Kumbe miaka yote anakushonea raba ya kulia, mbele pale kwenye kidole, akikuuliza inaliwa na nini, nawe unamjibu ni mawe ya volkano. Alijipiga paja akicheka, akakutukana matusi ambayo siyaandiki kwenye barua ya marehemu, kisha akakaa chini, akafunika uso na kitenge chake. Sisi tulitazama ukuta. Alipofunua uso, aliniambia chukudu niichukue. Shoka limerudi kwenye mikaratusi.

Leo nimepita kumletea viazi. Viazi hakuvitazama. Alitazama mguu wangu wa kulia, akasonya, akanyoosha mkono. "Vua."

Ndiyo maana nakuandikia nikiwa na kiatu kimoja, nasikia anavyoguna na sindano yake huko ndani. Lala, kaka. Hasira yangu bado haijaisha, lakini lala. Ule uma siunyooshi ng'o. Naahidi raba zitaendelea kutoboka, na zote nitamletea yeye.

Ni mimi,
Mtanzania wako